Naomba ushauri: kutengeneza siti ya pikipiki mwenyewe nyumbani

Habari zenu wakuu. Nina Boxer 150, nataka kuitengenezea siti mwenyewe. Kushona najua kidogo, siti sijawahi. Kitako cha plastiki bado kizima, ila sponji imebonyea mpaka ukikaa unaihisi plastiki yenyewe. Nawaza kuweka sponji ngumu chini na laini kiasi juu, nibandike kwa gundi, kisha nichonge kwa kisu na msasa. Unene gani utafaa ili miguu ifike chini vizuri?

Kinachonitia hofu zaidi ni mshono. Mvua ikipenya kwenye matundu ya sindano, sponji inanyonya maji na suruali inalowa hata jua likiwaka. Mnaziba na nini? Na cherehani ya kawaida inapitisha tabaka mbili za leza (ngozi ya kufunikia siti), au nishone kwa mkono?