Mdogo wangu yuko Form Six, hali wala halali, nifanyeje?

DadaMkubwa
Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu ana miaka 17, yuko Form Six bweni anasoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), mtihani wa taifa wa NECTA mwezi wa 5. Form Four alipata division one ya pointi 9, nyumbani tukachinja mbuzi, toka siku hiyo mama akawa anamwita "dokta" mpaka majirani wakadaka. Sasa mock, mtihani wa majaribio, kapata division three. Likizo hii karudi sio yule ninayemjua, usiku nikiamka saa tisa naona mwanga chini ya mlango wake, nikigonga anazima. Chakula namfunikia, asubuhi nakuta ugali umekauka na dagaa hawajaguswa. Analalamika tumbo, zahanati tumeenda mara mbili, malaria hamna, taifodi hamna, kapewa dawa za vidonda vya tumbo na wapi. Juzi namsuka mwanangu akaja akakaa pembeni akasema taratibu "dada natamani nilale tu nisiamke" halafu akacheka. Mimi sikucheka. Baba anasema uvivu, simu imemharibu. Naombeni ushauri jamani.

mzee_wa_kahawa
Mnyang'anyeni simu. Sisi tumesoma na kibatari na tukafaulu, hilo ni deko.

BiMkubwa77
Mkuu hapana, hilo sio deko. Wa kwangu alisema maneno hayo hayo tukapuuza, usiku mmoja tukamkimbiza hospitali, Mungu saidia tulimuwahi. Dada muulize wazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii hilo wazo, kunampa pa kusemea. Akikubali usimwache peke yake, dawa za ndani zifungie, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa muulizie afya ya akili. Na 116 ni simu ya watoto, bure, hata ww mwenyewe unaweza kupiga.

ticha_kemia
Nafundisha advance, yaani Form Five na Six. Watu wanaita miaka miwili ila wanaingia mwezi wa 7 na mtihani ni mwezi wa 5, toa likizo hapo uone kinachobaki, na topiki ni zile zile nyingi. Mock wengi wetu tunaitunga ngumu makusudi, sasa mtoto aliyezoea kuongoza darasa akiona three anajua maisha yameisha. Ongea na mwalimu wake wa malezi kabla hajarudi.

tabibu_wa_kata
Mimi nilipata three hiyo hiyo, PCB. Nikarudi kwenye cheti cha Form Four nikaomba diploma ya utabibu, miaka 3, leo natibu watu. Kwa one ya 9 dogo hiyo njia anayo tayari mkononi, mwambieni! Mimi mtihani wala sikuuogopa kivile, nilikuwa naogopa sura ya mama siku ya matokeo.

DadaMkubwa
Nimerudi. Jana jioni tulikaa uani tunachambua mchicha nikamuuliza kama BiMkubwa alivyosema. Kanyamaza, akawa anachana lile jani moja vipande vipande, mwisho akasema kawaza mara mbili, kule bwenini. Nimelia mbele yake sikuweza kujizuia, na yeye akalia, tukakaa mpaka giza. Usiku nimelala chumbani kwake. Kesho tunaenda hospitali ya mkoa, mama anakuja pia, baba bado kanuna ila katoa nauli. Nimemuomba mama aache hilo jina la dokta. Leo asubuhi kamwita jina lake la utotoni, dogo kaja mezani kala chapati mbili.