Kwa nini 3x + 500 si 503x?

Mzazi, Ujiji: Habari zenu. Binti yangu wa darasa la saba hukokotoa namba vizuri, lakini aonapo 3x + 500 huandika 503x, nami nashindwa kumweleza sababu bila kumkaririsha kanuni tupu. Naomba msaada.

Mwalimu wa Hisabati, Kigoma Mjini: Ndugu mzazi, x iwe bei ya fungu moja la dagaa pale Kibirizi, bei ambayo bado hatujaijua. Basi 3x ni gharama ya mafungu matatu, na 500 ni nauli, ambayo haibadiliki hata bei ya dagaa ikipanda. Ndiyo maana mitajo hiyo miwili, yaani 3x na 500, haiunganishwi. Mwache ajaribu mwenyewe: x ikiwa 2,000, 3x + 500 ni 6,500, ilhali 503x ni 1,006,000.

Mwalimu mstaafu, Tabora: Naongeza kwamba 3x + 500 pekee si mlinganyo, kwa kuwa haidai lolote. Ukiandika 3x + 500 = 6,500, alama ya sawasawa, ambayo mwanahisabati wa Wales, Robert Recorde, aliichapisha mwaka 1557, inadai pande mbili zina thamani moja, hivyo unalolifanya upande mmoja ulifanye na wa pili. Toa 500 pande zote, 3x = 6,000; gawanya kwa 3, x = 2,000. Kauli ya «hamisha namba upande wa pili, badili alama» huficha hoja hii, nami siipendi kwa wanaoanza.

Mzazi, Ujiji: Nashukuru sana, walimu wangu. Je, 3x + 2x?

Mwalimu wa Hisabati, Kigoma Mjini: Hiyo ni 5x, kwa sababu yote ni mafungu ya bei ileile.