Hivi Tabora kuna anayejua alaimenti (kupanga tairi zikae sawa) ya pikapu ya zamani, au tunauziwa karatasi tu?

Wakuu, mwangaluka. Nina hasira, mtanivumilia.

Nina Hilux ya 1981, injini 12R ya petroli, aliniachia mzee. Enzi zake imesomba tumbaku ya Urambo mpaka bodi ikasahau rangi yake, siku hizi inasomba asali kutoka Sikonge. Injini haina neno. Shida iko mbele: inavuta kushoto, ukishakata kona usukani haurudi wenyewe mpaka uurudishe kwa mikono, na tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana wakati upande wa nje bado una kashata (meno ya tairi) nzima. Na mnajua bei ya tairi mpya sasa hivi.

Nikaelekezwa gereji moja hapa mjini yenye mashine ya kompyuta. Kaunta nikatoa elfu thelathini, risiti hamna, sawa, nikakaa kwenye benchi. Kijana akafunga vile vipimio kwenye rimu, akaanza kupekua kwenye skrini. Akapekua weee. Kisha akanigeukia: "Bosi, hii yako humu haimo. Nakuwekea vipimo vya Vigo, si zote Hilux?"

Si zote Hilux! Jamani, Vigo imeanza kutoka 2004, mbele ina springi za koili na sterringi ya reki (chuma chenye meno kinachokwenda kushoto na kulia). Yangu mbele ina toshenibaa (vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi) na sterringi boksi (kasha la gia za usukani). Kinachofanana hapo ni jina la ubavuni. Nikamwambia hivyo, akanijibu "bosi usijali, vipimo havipishani sana". Wewe umejuaje kama havipishani, na vya kwangu hujawahi kuviona?

Hapo sijafika kwenye kilichoniudhi zaidi. Yule kijana hakugusa tairi hata moja kabla ya kupima. Hakupiga jeki akashika tairi juu na chini alitikise ajue hali ya boli jointi (viungo vya duara vinavyoshika tairi) na beringi. Hakushika kulia na kushoto asikilizie tairodi (fimbo zinazosukuma tairi zikate kona) na aidla (mkono unaoshikilia fimbo hizo upande wa pili wa boksi). Upepo hakupima. Gari lenyewe limelala, upande wa dereva uko chini kwa upana wa vidole viwili hivi, unaliona ukisimama mbele yake tu, maana toshenibaa za miaka arobaini zimechoka na zinatakiwa kukazwa kwenye boliti zake kwanza. Ukipima kemba (tairi kuinamia ndani au nje kwa juu) ya gari lililolala, umepima nini? Ukiliinua tu, kemba yote imebadilika.

Karatasi ikatoka. Kemba nyekundu kote, yaani iko nje ya kipimo. Kasta (mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi linakatia kona) nyekundu kote. Too (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) ya kijani, maana ndiyo peke yake aliyoigusa, kwa kuzungusha tairodi. Nikauliza hizi nyekundu vipi? "Hizo kwenye gari hizi za kizamani hazirekebishiki, bosi."

Uongo mweupe. Hilux hizi, pale mkono wa juu unaoshika tairi unapofungwa kwenye chesisi, katikati kuna shimu, vibati vinavyochomekwa kwenye boliti mbili za ule mkono. Ukiongeza au kupunguza sawasawa mbele na nyuma unarekebisha kemba. Ukitofautisha ya mbele na ya nyuma unacheza na kasta. Kiwanda kiliziweka kwa kazi hiyo. Nikaingia chini na tochi ya simu nikamwonyesha kwa kidole: zipo, zimeganda kwa kutu na matope ya mchanga, upande mmoja mbele kuna nyembamba mbili na nyuma kuna nene moja. Akachungulia, akafuta kidogo kwa kidole gumba, akasema, "Hizo ni wasa tu, bosi."

Wasa!

Nikatoka. Kufika barabara ya Nzega gari bado linavuta, na sasa usukani nao umepinda, kwa sababu alizungusha tairodi ya upande mmoja tu badala ya kugawa pande zote mbili. Nikarudi. Unajua alichofanya? Akafungua nati ya katikati, akaung'oa usukani kwenye meno yake, akaurudisha umenyooka. Dakika tano, kazi imekwisha, "sawa bosi".

Kwa wasiojua kwa nini hilo ni la kumfukuzisha mtu kazi: sterringi boksi ya aina hii imetengenezwa ikaze zaidi pale katikati kabisa, tairi zikiwa zimenyooka. Ukienda pembeni inakuwa na uwazi kidogo, na hiyo ni kawaida yake. Sasa ukinyoosha usukani kwa macho huku boksi lenyewe haliko katikati, gari litakuwa linakwenda safari nzima kwenye ule uwazi. Utaendesha kwa kusakata kushoto kulia, halafu atatokea mwingine akuambie boksi limekufa, nunua jingine.

Kuna walionijibu mtaani kwamba nakuza mambo, alaimenti ni alaimenti. Haya, tupige hesabu. Tairi likiwa limepinda nusu digrii tu kutoka kwenye njia yake, kila kilomita linaburuzwa ubavu karibu mita 9. Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115. Maana yake ukifika Nzega, lile tairi limesuguliwa kwa ubavu karibu kilomita nzima juu ya lami. Nusu digrii huioni kwa jicho. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha: ukisikia kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza, au kinyume chake, too imeharibika. Huo uchunguzi ni bure, na mashine ya mamilioni haikuufanya.

Msiniambie barabara ndiyo inavuta. Najua lami imeinuka katikati ili maji yatiririke, na sisi tunaoendesha kushoto gari lolote litaelekea kushoto kidogo. Nimelijaribu kwenye uwanja tambarare. Linavuta.

Na kasta ndiyo ugonjwa wenyewe, wala hakuna aliyeniuliza gari linabeba nini. Tazama baiskeli: uma wa mbele umelalia nyuma, ndiyo maana ukiachia mikono inakwenda sawa. Gari nalo linataka huo mlalo. Sasa wakati wa tumbaku mzee aliongeza majani ya springi nyuma, kama kila mwenye pikapu mkoa huu. Gari likiwa tupu mkia unakaa juu, pua inainama, ule mlalo unapungua, ndiyo hapo usukani unakataa kurudi. Likibeba shehena linatulia. Fundi anayejua kazi angeniuliza siku nyingi linakuwa na mzigo au tupu, apime kwa hali hiyo. Huyu alikuwa anaangalia saa ya chakula cha mchana.

Mafundi wa chini ya mwembe nao wasicheke. Mmoja tairodi ilipomgomea kwa kutu aliiwashia gesi mpaka ikawa nyekundu, mpira wa boli jointi ukayeyuka mbele ya macho yangu, akasema utatoa hela ya mpira. Mwingine anapiga jeki, anashusha, na palepale anapima. Gari likitoka kwenye jeki tairi zimebanwa kwa ndani, lazima ulisukume mbele mita chache likae ndipo upime. Hilo halitaki hata umeme.

Aliyenipa moyo ni fundi mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hana mashine. Aliinua tairi, akalizungusha huku ameshikilia msumari, ukachora mstari mwembamba katikati ya kashata; akafanya na la pili. Akashusha, tukalisukuma. Kisha futi ya utepe, mstari hadi mstari, mbele na nyuma ya tairi, kwa kimo cha kitovu cha rimu. Tofauti ikaonekana wazi. Akaniambia, "Mwanangu, too nakuwekea. Kemba na kasta sina kipimo, nisikudanganye." Mtu wa hivyo unamlipa kwa heshima.

Kwa hiyo wadau, sitaki maneno ya "uza hiyo nunua ya kisasa". Haiuzwi. Nataka hivi: nani anajua fundi, Tabora, Nzega, hata Shinyanga au Mwanza nitakwenda, mwenye kipimo cha kemba na kasta na anayekubali kufungua shimu? Na shimu zenyewe za mkono wa juu mnazipata wapi, au mnachongesha kwa mafundi wa leth (mashine ya kuchonga chuma)? Kama mnachongesha, unene gani mlianza nao? Boliti zangu mbili naona hazitafunguka bila kukatwa, kwa hiyo aliyepasua Hilux ya zama hizo kwa ajili ya vipuri na ana boliti zake aniambie bei.

Na yule wa kaunta, kama unasoma hapa: Jumatatu nakuja na ile karatasi yako yenye nyekundu. Elfu thelathini yangu uiweke tayari.