Nairobi na watoto watatu: basi au treni?

Mama wa Likoni: Assalam aleikum. Shule zikifungwa Agosti nataka kuwatoa wanangu hapa Mombasa niwapeleke Nairobi. Mfuko si mzito. Nipande nini?

Baba Kisauni: Waaleikum salam. Treni, dada. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Mkishuka Syokimau, stesheni ya treni hiyo nje ya mji, msikimbilie teksi, iko treni ndogo yaingia hadi stesheni kuu ya mjini. Jirani na hapo pana makumbusho ya reli, vichwa vya treni vya zama za mvuke. Wanangu walikataa kutoka! Mie ningeanzia hapo kabla ya kwengine kote.

Bi Tudor: Kulala, mtaa wa Eastleigh. Vyumba nafuu, chakula halali tele. Na masweta, mama, Agosti kule baridi kweli.

Mama wa Likoni: Shukran. Tikiti je?

Baba Kisauni: Kata mapema kwa simu, piga *639#. Likizo viti huisha upesi.