Mabango yanamhimiza mama awahi kituoni, mbona upasuaji hautajwi?

Ndugu wanajukwaa, nimechoshwa na kauli ya "mama, wahi kituoni", kana kwamba kila anayefariki kwa uzazi alijichelewesha mwenyewe. Dada yangu aliwahi. Alifika saa 2 usiku akiwa na kadi yake ya kliniki, akalazwa chini ya bango lenye kauli hiyohiyo. Ilipofika saa 6 mkunga alisema mtoto amechoka na njia haifunguki, hivyo apasuliwe. Chumba cha upasuaji kilikuwepo, daktari naye alikuwepo. Aliyekosekana ni mtoa dawa ya usingizi, kwa kuwa hospitali nzima ilikuwa naye mmoja tu, na jioni ile alikuwa amesindikiza mgonjwa wa rufaa. Tulisubiri hadi alfajiri. Dada alipona, mtoto hakupona, na mtu wa kwanza kutupa pole alituuliza kwa nini tulichelewa.

Wanaonikera zaidi ni watunga kampeni. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na nusu kaputi vilivyo salama kwa gharama wanayoimudu, na kwamba unahitajika upasuaji wa ziada milioni 143 kila mwaka. Ilitaja pia huduma tatu za kuipimia hospitali, nazo ni kufungua tumbo, kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi, na upasuaji wa kujifungua, ambazo mgonjwa anapaswa kuzifikia ndani ya saa 2. Ni bango gani limewahi kumwambia mwananchi habari hiyo? Tunafundishwa dalili za hatari, na ni vyema, lakini hatufundishwi kuuliza nani anatoa usingizi usiku, zimebaki chupa ngapi za damu, au kama jenereta lina mafuta. Hata fistula, yaani tundu la uzazi linalomfanya mwanamke avujwe na mkojo au kinyesi, ambayo ina siku yake kila tarehe 23 Mei, husimuliwa kama aibu ya mwanamke, ilhali mara nyingi ni kovu la uchungu uliokwama siku nzima au zaidi bila mtu wa kupasua.

Niliuomba uongozi ubandike kando ya bango lile karatasi moja tu, yenye jina la mtoa usingizi wa zamu na idadi ya chupa za damu zilizopo siku hiyo. Nilijibiwa kwamba ukuta umejaa.