Mjadala: Tuendelee kudai Shirikisho la Afrika Mashariki wakati hata ushuru wa pamoja hatuuheshimu?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno ya Ukenya na Utanzania.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha Novemba 1999 ulipanga ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, kisha shirikisho la kisiasa. Forodha ilianza 2005, soko la pamoja 2010. Sarafu moja tuliahidiwa 2024, sasa tunaambiwa 2031. Wakati huohuo tumeshapokea Sudan Kusini, Kongo na Somalia, tumefika nchi nane.

Mimi nasema tusimame hapo kwanza. Serikali zetu zinasaini jambo kwa pamoja, halafu kila moja inajitoa kivyake, na hakuna wa kuzibana.

Angalieni ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Viwango vinajulikana: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, bidhaa kamili 25, na tangu Julai 2022 kuna 35 kwa vitu kama nguo na samani. Lakini kila mwaka bajeti zikikaribia, kila nchi inapeleka orodha ya bidhaa inazotaka kuzitoza kivingine kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, wanaomba tena. Mwenye kiwanda Mwanza anayetaka kuuza Kampala atapangaje mambo ya miaka mitano mbele?

Halafu yapo marufuku. Oktoba 2017 sisi Tanzania tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, ukakaa umefungwa karibu miaka mitatu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka. Julai 2025 tukawapiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, uwakala wa pesa za simu na ufundi simu, ilhali itifaki ya soko la pamoja tuliisaini wenyewe.

Anayeumia ni mtu mdogo. Pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mama mwenye magunia machache ya vitunguu anaruhusiwa kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo, mradi mzigo hauzidi dola 2,000. Bado anahitaji cheti cha afya ya mimea, na utaratibu ukibadilika anaujua akishafika dirishani, mzigo ukiwa juani. Akichoka anampa bodaboda apite njia ya panya. Wakikamatwa, mtaji wote umekwenda.

Najua wapo watakaosema nchi hazilingani, tukifungua milango tutamezwa. Hoja hiyo naiheshimu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kwamba faida inaelekea Kenya. Lakini tiba yake tuliwahi kuitumia: kuanzia 2005 baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru ukapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka sifuri 2010. Kila mtu alijua tarehe ya mwisho. Ulinzi wa namna hiyo naunga mkono. Ninachokataa ni huu wa kushtukizana.

Mahakama ya Afrika Mashariki ipo, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri, ila ana miezi miwili tu tangu jambo litokee. Mfanyabiashara wa mpakani, wa Mutukula au Sirari, ataweza? Na hata akishinda, utekelezaji unategemea serikali ileile aliyoishtaki. Juu kabisa, marais huamua kwa maafikiano, kwa hiyo mmoja akikataa, limekwama.

Kwa hiyo nauliza: je, tusitishe kupokea wanachama wapya mpaka ushuru wa pamoja uheshimiwe? Na mko tayari Mahakama hiyo iamuru Dodoma, Nairobi au Kigali iondoe marufuku, hata ile inayotunufaisha sisi? Mimi niko tayari. Wa Goma, Bujumbura na Juba nao waseme, maana kwao mpaka una hata bunduki.