Oct4 inaonekana ndani ya kiini cha seli, lakini haifanyi kazi

Swali
Ndugu wataalamu, nimeiunga protini ya Oct4, inayoamsha jeni za seli shina, na mkia wa ajinini 11 (asidi amino yenye chaji chanya), nikaizalisha katika bakteria wa E. coli, kisha nikaziwekea faibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya kwa usiku mmoja. Baada ya kuzigandisha seli kwa fomalini, ambayo huziua na kuzihifadhi, na kuzitia kingamwili yenye rangi, kiini chote kinang'aa. Hata hivyo, jeni zinazopaswa kuamshwa na Oct4 zimelala vilevile. Kosa liko wapi?

Jibu
Kabla ya kuishuku protini, ishuku picha. Mwaka 2003 ilionyeshwa, kwa peptidi (vipande vifupi vya protini) za Tat, inayotoka kwenye virusi vya UKIMWI, na za ajinini 9, kwamba fomalini yenyewe huzihamisha hadi kwenye kiini wakati seli ilipokuwa hai hazikuwamo. Mkia wenye chaji chanya hunata kwenye sukari zenye chaji hasi zilizo juu ya utando, seli huimeza protini ndani ya endosomu (vifuko vidogo vya utando), na sehemu kubwa huishia kumeng'enywa humo humo. Ifunge rangi kwenye protini yenyewe, osha seli kwa tripsini (kimeng'enya kinachoondoa protini iliyonata nje), kisha uzitazame zikiwa hai.

Muulizaji
Ahsante. Nimezitazama: ni vitone vitupu vilivyojikusanya upande mmoja wa kiini, na kiini chenyewe ni cheusi.

Jibu
Basi imenaswa kwenye endosomu. Hata hivyo, chunguza pia kama imejikunja sawasawa, kwa sababu protini ya E. coli mara nyingi hutoka ikiwa mabonge, na ikishayeyushwa huweza kushindwa kuishika DNA. Jaribio la kuona kama inaishika DNA hufanyika kwenye mrija, bila seli hata moja. Zaidi ya hayo, usiku mmoja ni mchache mno, na Oct4 peke yake haitoshi. Waliofaulu kuzigeuza seli za panya kuwa seli shina mwaka 2009 walitumia protini zote nne, yaani Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, kwa duru nne zenye mapumziko kati yake, wakaongeza asidi ya valproiki, kemikali inayorahisisha jeni kuamka. Kwa seli za binadamu, mwaka huohuo, ufanisi, yaani sehemu ya seli zilizogeuka, ulikuwa takriban asilimia 0.001.

Jibu
Kama unachotaka ni seli shina tu, mRNA (nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini), iliyofaulu mwaka 2010, itakupunguzia taabu: seli hujitengenezea protini yenyewe, ikiwa imekunjwa tayari, na jenomu (DNA yote ya seli) haiguswi.